Mkeka, Chungu na Kitambaa: Historia ya Bonde Letu Isiyo na Risiti



Kila mwaka kwenye harambee yetu mikeka hupigwa mnada. Nilipokuwa napitia daftari la mapato la mwaka jana, niliona kwamba fedha za mikeka hiyo nimeziingiza mimi mwenyewe chini ya kifungu cha "Mengineyo", pamoja na soda zilizobaki. Niliona aibu. Ada yangu ya sekondari ilitokana na mpunga, na pale mpunga ulipopungua ilitokana na mikeka ya mama na shangazi zangu. Naamini wengi wenu mnaweza kusema hivyo hivyo. Kwa hiyo mwaka huu naomba nafasi nisahihishe hesabu.

Kazi za mikono za bonde hili ziliandikwa zamani kidogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1935, Geraldine Culwick, mke wa ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyefanya kazi Ulanga, alichapisha huko London makala kuhusu ufinyanzi wa Wabena wa Ulanga. Wakati huo Ulanga ilikuwa wilaya moja kubwa, na bonde letu lote lilikuwa ndani yake. Mwaka huohuo yeye na mumewe walitoa kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, na Mtema Towegale Kiwanga alikiandikia sura yake mwenyewe. Chungu alichokifinyanga mama bila gurudumu, akakichoma kwa kuni uwanjani, kilionekana kinastahili kusomwa na wataalamu wa Ulaya. Sisi wenyewe tulikiona ni chombo cha mchuzi tu.

Mkeka nao una historia yake, nayo inaanzia mtoni. Mkindu hupenda ardhi yenye maji, na bonde letu ni moja ya maeneo oevu makubwa ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Majani machanga hukatwa, huanikwa juani hadi yawe meupe, mengine huchemshwa na rangi. Kisha huchanwa na kusukwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa kama kamba. Mwisho ukili huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa, shazia, mpaka mkeka ukamilike.

Ukili haukulazimu mtu akae mahali pamoja. Mama alikwenda nao shambani wakati wa kuamia ndege, akasuka huku sisi watoto tukipiga makopo na kelele. Jioni aliuendeleza barazani. Lakini siku ya kushona hakuwa peke yake. Shangazi walikuja, wifi akaja, jirani akaja na ukili wake wa ziada, na mkeka mmoja ukabeba mikono minne au mitano. Bibi alikuwa akipitisha kidole juu ya mkeka uliokwisha na kutaja nani kasuka wapi: huyu hukaza, yule hulegeza, huyu alikuwa na haraka. Hapo ndipo zilipozungumzwa posa, magonjwa, madeni na ugomvi wa ndugu. Mambo mengi ya ukoo wetu yalipata suluhu pale mkekani kabla hayajawafikia wazee wa kiume.

Reli ilibadili biashara hiyo. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, ameeleza jinsi wafanyabiashara wadogo wa ukanda huu walivyoitumia treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo, kusafirisha bidhaa zao. Mimi nakumbuka mizigo ya mikeka ikiwa imekunjwa kama mapipa, imefungwa kamba na kusukumwa dirishani kabla treni haijaondoka.

Kitambaa ni habari nyingine. Babu zetu waliijua pamba kwa uchungu. Kulazimishwa kulima pamba ya Wajerumani ni moja ya sababu za Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905, na mwezi Agosti mwaka huo boma la Mahenge lilishambuliwa. Leo akinamama wafumaji wa Ifakara wanafuma pamba kwenye mitambo ya mbao inayoendeshwa kwa mikono na miguu. Wanachagua rangi wenyewe, na fedha wanazigawana wenyewe. Kwangu mimi hilo si jambo dogo. Ni pamba ileile, ila safari hii anayeamua ni mwenye mkono.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mkeka uliouzwa shilingi 30,000. Ikiwa umechukua siku 20, kila siku saa tatu, hizo ni saa 60. Ni shilingi 500 kwa saa, kabla hujatoa gharama ya rangi na nauli. Hakuna kiwanda kingekubali biashara hiyo. Mama zetu waliikubali kwa sababu hawakuwa wakihesabu saa zao, na sisi tuliosomeshwa kuhesabu hatukuwasaidia kuzihesabu. Wakati huohuo mikeka ya plastiki imejaa madukani, mikindu inafyekwa kupisha mashamba, na mabinti wanaojua kushika shazia wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. Kwanza, katika daftari la chama kazi za mikono ziwe na kifungu chao, na jina la kila aliyetoa liandikwe. Pili, sehemu ya mchango wa mwaka huu iende kwenye miche ya mikindu na banda la kushonea, ambapo bibi zetu watawafundisha wajukuu wakati wa likizo. Tatu, tunaoishi mjini tununue kwa bei inayolipa saa za mtu. Tuache kudai punguzo kwa shangazi tukisema "mimi ni wa nyumbani". Wa nyumbani ndiye anayepaswa kulipa vizuri zaidi.

Daraja la Mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 limetuondolea hofu ya kivuko. Kwa hiyo hatuna tena udhuru wa njia. Njooni nyumbani, mkae chini na wazee wenu, mshike ukili japo kwa saa moja. Mikono ikizoea, mdomo nao utafunguka, na mtayasikia yasiyoandikwa popote.

Karibuni mkekani, na karibuni kuchangia.