Jinsi ya kuandaa kompyuta ya kuandikia programu pale umeme na bando vinapokatika

Je, unajifunza kuandika programu? Au tayari unapata vibarua vya kutengeneza tovuti? Makala haya ni kwa ajili yako, uwe mkimbizi au mwenyeji, uwe na kompyuta yako mwenyewe au unatumia ya kituo cha jamii.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki na intaneti yao haihesabiwi kwa megabaiti. Ukiyafuata yalivyo, bando litaisha kabla hujaandika mstari mmoja. Hapa tunaeleza jinsi ya kupanga vifaa vyako ili kazi yako ibaki salama hata umeme ukikatika, bando likiisha, kompyuta ikiharibika au laini ya simu ikipotea.

Kompyuta ya aina gani inatosha?

Huhitaji kompyuta mpya. Kwa kujifunza Python, au kutengeneza kurasa za tovuti kwa HTML, CSS na JavaScript, laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha kuanza. Ukipata pesa kidogo ya kuiboresha, ondoa diski ya zamani inayozunguka na uweke SSD. Kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka itawaka haraka zaidi.

Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu mbele ya muuzaji:

- Ichomoe kwenye umeme na uitumie kwa nusu saa. Ikizima baada ya dakika chache, betri imekufa, na bei inapaswa kushuka.
- Izime na uiwashe tena. Hakikisha hakuna nenosiri usilolijua linalokuzuia kuingia.
- Omba risiti yenye jina la muuzaji na namba ya kifaa. Itakusaidia ukiulizwa umekipata wapi.

Nitumie mfumo gani wa uendeshaji?

Kompyuta nyingi za mtumba huja na Windows 10. Muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia bure uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Ikiwa yako ni mojawapo, fikiria kuweka Linux. Ni bure, na haidai leseni.

Kwa kompyuta yenye nguvu ndogo, chagua Linux Mint toleo la Xfce. Inahitaji RAM isiyopungua GB 2, diski yenye nafasi ya GB 20, na kompyuta ya biti 64. Lubuntu nayo ni nyepesi.

Faili la kusakinisha ni kubwa, hivyo si lazima kila mtu alipakue. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri alipakue kutoka tovuti rasmi, aliandike kwenye flashi, kisha flashi hiyo izunguke. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, unaweza kuijaribu Linux bila kugusa diski. Angalia kama Wi-Fi, sauti na kibodi vinafanya kazi. Ukiridhika ndipo usakinishe.

Muhimu: ukichagua kufuta diski wakati wa kusakinisha, kila kilichokuwemo kinapotea. Nakili picha, vyeti na barua zako kwanza.

Nifanyeje ili bando lisiishe?

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi unayotumia na uwashe sehemu iliyoandikwa "Metered connection". Hapo Windows itaacha kupakua masasisho mengi bila kukuuliza. Masasisho ya usalama bado ni ya lazima, kwa hiyo yapakue siku unapokuwa kwenye Wi-Fi ya kituo.

Kihariri kama VS Code nacho hujisasisha chenyewe pamoja na viongezi vyake. Kwenye mipangilio yake, weka `extensions.autoUpdate` kuwa `false`. Ikiwa kompyuta yako inalemewa na VS Code, tumia Geany, ambayo ni ndogo na haihitaji RAM nyingi.

Pakua maelezo ya lugha unayotumia mara moja, uyasome bila mtandao. Tovuti ya DevDocs ina sehemu ya kuchagua lugha na kuzihifadhi ndani ya kivinjari chako.

Maktaba za Python pia zinaweza kubebwa kwa flashi. Penye intaneti, andika:

`pip download -d vifurushi -r requirements.txt`

Nakili folda ya `vifurushi` na faili la `requirements.txt` kwenye flashi. Kwenye kompyuta isiyo na mtandao, andika:

`pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`

Kompyuta zote mbili ziwe na mfumo wa aina moja na toleo moja la Python, la sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa.

Umeme ukikatika ghafla, nitapoteza kazi?

Si lazima. Kwanza, washa hifadhi ya kiotomatiki. Kwenye VS Code, fungua menyu ya "File" na uchague "Auto Save". Kila unachoandika kitaingia kwenye diski bila wewe kukumbuka.

Pili, tumia Git. Hii ni programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na inatunza historia ya mradi wako hatua kwa hatua. Watu wengi hudhani Git inahitaji intaneti. Haihitaji. Inafanya kazi yote ndani ya kompyuta yako. Kwanza, ingia kwenye folda ya mradi na ujitambulishe:

`git init`
`git config user.name "Jina Lako"`
`git config user.email "barua pepe yako"`

Kisha, kila unapomaliza sehemu inayofanya kazi, andika:

`git add -A`
`git commit -m "Fomu ya mawasiliano imekamilika"`

Fanya hivyo mara nyingi kwa siku, hasa kabla ya saa ambazo umeme huwa unakatika. Ukiharibu kitu, utaweza kurudi kwenye hatua iliyopita.

Ukitumia kompyuta ya kituo, usiongeze neno `--global` kwenye amri za kujitambulisha. Ukiliongeza, kazi za mtu mwingine anayetumia akaunti hiyo hiyo ya kompyuta zitaandikwa kwa jina lako.

Kompyuta ikiibiwa au ikiharibika?

Nakala iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo haikusaidii kitu. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa mahali pengine, na moja mtandaoni.

Kwa flashi, Git inaweza kufunga mradi mzima na historia yake kwenye faili moja:

`git bundle create mradi.bundle --all`

Nakili faili hilo kwenye flashi. Siku ukipata kompyuta nyingine, andika `git clone mradi.bundle mradi` na kazi yako itarudi. Kumbuka kwamba faili hilo hubeba tu hatua ulizohifadhi kwa `git commit`. Ulichoandika baada ya hapo hakimo.

Kwa nakala ya mtandaoni, tumia GitHub au GitLab. Kutuma mabadiliko ya msimbo hutumia data kidogo, kwa sababu Git hutuma kilichobadilika tu. Kabla ya `git add` ya kwanza, tengeneza faili la `.gitignore` na uandike humo majina ya vitu visivyopaswa kutumwa: `node_modules`, `.venv`, na faili la `.env` lenye manenosiri na funguo za siri.

Laini yangu ikizimwa, nitaingiaje kwenye akaunti?

Soma sehemu hii hata kama umeruka nyingine. Laini za simu hupotea, huibiwa, na zikikaa muda mrefu bila kutumika huzimwa. Ukihamia nchi nyingine, huenda namba ya zamani usiipate tena. Ikiwa akaunti yako inafunguliwa kwa ujumbe wa namba hiyo pekee, kazi ya miaka yote inafungiwa nje pamoja nawe.

Fanya hivi leo:

1. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kutumia programu ya simu inayotoa tarakimu sita, badala ya ujumbe mfupi. Programu hiyo hufanya kazi bila bando na bila laini, mradi saa ya simu iwe sahihi.
2. Pakua misimbo ya dharura ambayo akaunti inakupa. Iandike kwenye karatasi na uitunze pamoja na nyaraka zako muhimu. Kila msimbo hutumika mara moja tu.
3. Hakikisha barua pepe uliyosajilia bado unaifungua. Iwekee nayo ulinzi huo huo.

Usimpe mtu yeyote msimbo wa kuthibitisha, hata akisema anatoka shirika fulani au anakutafutia kazi. Usikodishe akaunti yako ya kazi za mtandaoni pia. Ikifungwa, jina lililochafuka ni lako.

Kwenye kompyuta ya kituo, kataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nenosiri, na toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Sina kompyuta kabisa. Naweza kuanza?

Ndiyo. Kwenye simu ya Android, sakinisha Termux kutoka F-Droid, kisha andika `pkg install git python`. Utaweza kuandika na kuendesha programu za Python. Skrini ni ndogo na kuandika kunachosha, lakini unachojifunza ni kile kile, na mradi utauhamishia kwenye kompyuta utakapoipata.

Nianze na lipi?

Kama una saa moja tu ya umeme leo, anza na misimbo ya dharura, kisha `git commit` ya kwanza, kisha nakala kwenye flashi. Mfumo mpya wa uendeshaji unaweza kusubiri wiki ijayo. Halafu mfundishe mwenzako mmoja na mpeane nakala za flashi, yako ikae kwake na yake ikae kwako.