Masikio Yaliyopita Bweranyange

Mwanzoni mwa mwaka 1862, Mskoti mmoja aliyeitwa James Augustus Grant alikuwa amelala kibandani huko Bweranyange, Karagwe, mguu umemvimba na kuoza vidonda, hata kusimama hawezi. Mwenzake, John Hanning Speke, alikwishaondoka Januari kwenda Buganda kukitafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alibaki kwenye himaya ya Mukama, yaani mfalme, Rumanyika hadi Aprili, hana kazi ila kuandika, kuchora na kusikiliza. Vidonda hivyo ndivyo vilivyotuachia maandishi ambayo yeyote anayeandika leo juu ya albamu asizozisikia redioni angeyatambua mara moja: mtu kasikiliza, kapenda hiki, kachukia kile, na wala hakuona haya kusema.

Aliomba aletewe mpiga enanga, ala ya nyuzi ya huko. Nnanaji, ndugu yake Rumanyika, akampelekea fundi aliyemwona bora kuliko wote aliowajua. Jamaa akaingia bila kujitambulisha, kavaa kama wavaavyo Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, akauegemeza mkuki wake, akatoa enanga kwapani na kuketi mkekani. Kichwa kakigeuzia upande, hatabasamu. Akaimba kwamba ametumwa kwa mgeni, kisha akaimba habari za mbwa mmoja kipenzi. Grant alinogewa hadi akaomba wimbo urudiwe, ukarudiwa tena na tena. Watu wakajaa kibandani, na siku kadhaa baadaye walikuwa bado wanauimba wimbo wa mbwa.

Baadaye akaja bibi kizee naye na enanga yake. Huyu alipiga akiwa amesimama, na mdomoni hakutoka neno, ila mvumo wa pumzi kama wa mtu anayemnyamazisha mwenzake, huku akikunja midomo, akizungusha mwili na kunyanyua miguu. Grant hakumwita tena. Katika kitabu chake, A Walk Across Africa, kilichochapwa mwaka 1864, fundi wa mkuki anasifiwa kwa aya nzuri yenye picha kamili. Bibi anapondwa kwa maneno machache, na habari yake ikaishia hapo.

Hukumu hiyo inastahili kukatiwa rufaa. Fundi alijua kumbembeleza mgeni: kamtaja ndani ya wimbo, kampa hadithi yenye mnyama, kampa kiitikio cha kushika. Bibi hakumpa lolote la kushika. Alichomletea ni pumzi, miguu na nyuzi, bila maneno, bila hadithi, na bila kukaa chini kama ilivyotazamiwa. Kwa lugha ya mashabiki wa leo, mwanamume alipiga wimbo wa kuvuma na bibi alipiga muziki wa pembeni, ule unaomtaka msikilizaji avumilie kidogo kabla ya kuhukumu. Grant hakuvumilia. Alikuwa mgonjwa, na huenda siku ile mguu ulimuuma zaidi. Lakini tangu wakati ule mambo yamekuwa hivyo hivyo: kinachojulikana nje juu ya muziki wa Karagwe ni kile kilichopita kwanza kwenye sikio la mtu fulani, na masikio yana upendeleo.

Bweranyange yenyewe haikuwa kijiji cha kukutwa kwa bahati. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wahinda, na misafara ya pwani ilikuwa na kituo chake jirani, Kafuro. Speke, aliyeliandika jina la mji huo "Weranhanje", anasimulia kwamba walipofika Novemba 1861 walimkuta Rumanyika ameketi na nduguye, na mfalme akawauliza kwa Kiswahili safi wanaionaje nchi yake. Zaidi ya miaka ishirini kabla ya Wajerumani kutia mguu, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kaa ikulu Karagwe.

Muziki nao ulikuwa mambo ya serikali. Rumanyika alimweleza Speke jinsi alivyoupata ufalme baada ya kufa baba yao, Ndagara: kingoma kidogo, chepesi kama unyoya lakini kilichotiwa dawa, kiliwekwa mbele ya ndugu watatu, na ni yeye peke yake aliyeweza kukiinua, tena kwa kidole kidogo. Mwezi ulipoandama watu walikusanyika ikulu kuonyesha utii wao, na Speke aliona safu ya ngoma 35 zimepangwa chini, kila moja na mpigaji wake. Asiyefika kwenye ngoma zile alijulikana. Palikuwa pia na kikosi cha wapuliza ala za matete zilizounganishwa vipande kwa vipande. Walitembea kwa mwendo, wakacheza huku wanapuliza, na Speke akakumbuka bendi za jeshi la Waturuki. Hiyo nayo ni tabia ya wahakiki wote: wakikosa pa kukiweka kitu, hukipeleka kwenye rafu iliyo karibu.

Enanga haikuwa ya kutangazia amri. Ni gogo jembamba lililochongwa mfano wa sinia, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa kutoka ncha hii hadi ile mara saba au nane, kiasi kwamba nyuzi zote ni uzi mmoja. Hukaa mapajani. Sauti yake ni ndogo, haishindani na ngoma hata moja, seuze 35, kwa hiyo humlazimisha msikilizaji kusogea na kunyamaza. Juu yake ziliimbwa tendi ndefu za mashujaa, zilizoenea kote Buhaya na kwa majirani zao. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwenyewe mzaliwa wa Kagera, mkoa wenye Karagwe na Buhaya, ndiye aliyezifanyia kazi kubwa kuliko wote; tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu tendi hizo. Kazi yake ilitoa jibu kwa wataalamu wa Ulaya waliodai kwamba Afrika haina utendi. Katika mabishano yale enanga ilikuwa ushahidi, na mpigaji alikuwa shahidi.

Anayesikiliza utendi wa enanga hakai kimya kama mtu aliyevaa spika za masikioni. Huguna, huitikia, humchokoza fundi, humwongezea pombe. Fundi naye hurefusha pale panaponoga na kuruka panapochosha, kwa hiyo wimbo wa jana si wa leo. Muziki wa namna hiyo una shida gani ukikutana na santuri? Shida ni dakika tatu.

Hugh Tracey alikuja mwaka 1950. Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akirekodi, na miongoni mwa watu waliomwimbia walikuwemo Wahaya. Wakati huo Karagwe ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Bukoba. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba kama dakika tatu tu, na Tracey alizoea kurekodi kwa kipimo hicho. Alishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akaisogeza kwa mwimbaji, akairudisha kwenye ala, akiufuata utamu ulipokwenda. Hivyo mkono wake ulikuwa ndani ya kila wimbo. Utendi unaoweza kula usiku kucha ukawa kipande cha kuonjwa.

Tracey alikuwa na ladha zake na hakuzificha. Alipenda muziki aliouona wa asili, na alilalamika juu ya nyimbo za misheni zilizokuwa zinaufunika. Kwa upande wa Buhaya na Karagwe hofu hiyo haikuwa ya kubuni: uamsho wa Kikristo wa walokole ulipoenea humo, waliookoka waliacha ngoma, pombe na habari za mizimu ya Wachwezi kwa pamoja. Enanga, iliyoishi katikati ya hayo matatu, ilipoteza mbeleko yake. Lakini Tracey naye, kwa kutaka cha zamani tu, alifunga mlango mwingine. Kijana wa Bukoba aliyekuwa na gitaa mwaka 1950 alikuwa mwanamuziki halali sawa na mzee wa enanga, na mara nyingi watafutaji wa asili humpita mtu wa namna hiyo bila kugeuka.

Hata hivyo deni letu kwake ni kubwa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Mkusanyo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200. Alifariki 1977, na mwanawe Andrew akauhamishia mkusanyo huo Chuo Kikuu cha Rhodes. Miongo ikapita kabla ya mpiga ngoma mmoja mzaliwa wa Zambia, Michael Baird, kuchagua baadhi ya rekodi hizo na kuzitoa upya kupitia kampuni yake ndogo ya SWP huko Uholanzi. Za Tanganyika ya 1950 zilikuwa albamu mbili, moja ya ala na nyingine ya sauti. Ya ala ndiyo bora. Ina filimbi, marimba za mkononi, pembe na nyuzi, na haiombi huruma ya mtu. Ya sauti ina vito vyake, ila inamtaka msikilizaji ajue maneno.

Rekodi za Tracey zimewahi pia kurudi nyumbani: Wakipsigis wa Kenya waliwahi kurudishiwa za kwao. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wakiimba juu ya Chemirocha, jina walilompa mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers baada ya kusikia santuri zake. Zaidi ya miaka sitini baadaye rekodi zile zilipelekwa kijijini kwao, zikasikilizwa na wazee waliokuwamo. Kitu kama hicho kingefaa sana Kagera, kukiwa na redio za jamii kama FADECO pale Karagwe za kuzirushia.

Redio ya taifa haikuwa na nafasi kubwa kwa Kihaya wala Kinyambo. Desemba 1962, Rais Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni, aliwakumbusha wabunge juu ya vijana waliojua rumba na chachacha lakini hawakujua ngoma za kwao, na akataja chache kwa majina, zikiwemo gombe sugu, kiduo na lelemama. Enanga haikuwamo. Taifa jipya lilihitaji lugha moja, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilipendelea Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake kisiasa. Kwa masikio ulikuwa hasara. Akasimbo, ngoma ya Wanyambo, ikabaki kwenye harusi na sherehe za mwenge.

Wakati huohuo Mgogo mmoja alivuka bahari. Hukwe Zawose, na marimba yake na zeze, alitoa Tanzania Yetu mwaka 1985 kupitia Triple Earth, kampuni ndogo ya London, kisha Chibite mwaka 1996 kupitia Real World ya Peter Gabriel. Kwa nini Ugogo na si Karagwe? Si kwa sababu ya uzuri. Zawose alikuwa na sauti ya kupasua ukumbi, alikuwa mwalimu wa muziki Bagamoyo, na muziki wake hausimami juu ya maneno. Enanga hudai vitu vitatu ambavyo mnunuzi wa albamu huko London hana: lugha, muda, na mahali pa kukaa karibu.

Kilichoifikisha Kagera kwenye kila stendi ya mabasi ya Tanzania kilikuwa kaseti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Saida Karoli, binti wa Rwongwe huko Bukoba, aliimba "Maria Salome" akichanganya Kihaya na Kiswahili, na watu wa Mtwara wasiojua neno hata moja la Kihaya wakaucheza. Hakuhamia Kiswahili kizima, na huo ndio uamuzi uliomtoa. Miaka hiyo Bongo Fleva ilikuwa inapanda, kila kijana anafoka kwa Kiswahili. Mwanamke na ngoma zake na lugha ya nyumbani alikuwa wa pembeni kuliko wote, akawa ndiye anayevuma kuliko wengi. Albamu yenye wimbo huo si kamilifu. Kinanda cha studio kinasikika cha bei nafuu, na nyimbo mbili tatu zinafanana mno. Lakini sauti iko mbele, nyororo, haikimbizwi, na ngoma chini yake zinatembea kwa mwendo wa mtu anayejua njia.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakatoa "Salome", wakaupeleka kwa kizazi ambacho hakijawahi kugusa kaseti. Ni kazi ya mikono safi, beti zake ziko kwa Kiswahili, na jina la Saida lilirudi midomoni mwa watu. Ukizisikiliza zote mbili kwa mfululizo, mpya inashinda kwa besi, kwa kasi na kwa video. Ya zamani inashinda kwa kila kitu kilichobaki.