Mtetemo wa Baswezi

Mgonjwa ameketi chini. Manyanga yanatikiswa karibu na masikio yake, haraka haraka, bila kupumzika. Mabega yanaanza kutetemeka, kisha kichwa, mwisho mwili mzima. Hakuna anayemwambia atulie. Mtetemo huo ndio uliokuwa ukisubiriwa.

Hiyo ni ngoma ya buswezi, tiba ya zamani ya Usukuma. Jina lake linatokana na Bachwezi, watawala wa masimulizi ya Kitara, huko Uganda magharibi. Mtu aliyeandamwa na misiba na maradhi yasiyokwisha aliambiwa kwamba masamva, yaani mizimu ya ukoo wake, wanamdai. Alicheza hadi jasho likamtoka, na akiingizwa katika chama cha baswezi hakubaki peke yake tena: alipata ndugu wapya.

Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya buswezi mwaka 1955. Miaka 19 kabla ya hapo, akitumia jina lake la awali, Koritschoner, alikwishaandika juu ya ngoma ya shetani na kuiita waziwazi tiba ya maradhi ya nafsi. Mtetemo wa baswezi unanikumbusha pia Peter Levine, Mmarekani anayefundisha kuwa hofu hunasa mwilini na huweza kutoka kwa kutetemeka, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1997. Sisemi mafundisho yake na buswezi ni jambo moja. Levine anazungumzia neva, mswezi anazungumzia mababu. Ila wote wawili waliona kuwa kuna mshtuko ambao maneno matupu hayaufikii.

Kinachoniuma ni kuona ngoma hii inatupwa kapu moja na ramli chonganishi. Ramli hiyo humtafuta jirani wa kulaumiwa, na Usukuma imezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu yake, wakidhaniwa wachawi kwa macho yao mekundu. Masamva ni wa mgonjwa mwenyewe; deni lao hulipwa kwa miguu yake na jasho lake. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, hana sehemu katika deni hilo. Anaweza hata kuja kupiga makofi.