Imamu Aliyegeuka Mwanafunzi

Muhammad Ali Pasha, wali wa Misri, alipokwisha kuwaangamiza Mamluki na kuishika nchi barabara, hakuwa na jambo lililomshughulisha kuliko jeshi. Na kwa kuwa jeshi la nidhamu mpya halisimami bila ya mizinga, wala mizinga haiundwi na watu wasiojua hesabu na kemia, wala askari majeruhi hawaponi bila ya matabibu, aliona hapana budi kuwapeleka vijana Ulaya wakaipokee elimu hiyo kwa wenyewe. Wa mwanzo walikwenda Italia, lakini msafara uliopata jina na kubaki vitabuni ni ule wa mwaka 1826, wa watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa Waturuki, Wacherkesi na Waarmenia, na wachache tu wana wa Misri hasa, waliopelekwa Paris kusoma utawala, vita vya nchi kavu na vya bahari, tiba, ukulima na ufundi wa namna kwa namna. Na kwa kuwa wengi wa watu hawa walikuwa Waislamu, nao walikuwa wakienda kukaa miaka katika nchi isiyosikika adhana, ilipasa wawe na imamu wa kuwasalisha na kuwakumbusha dini yao.

Imamu huyo ndiye ninayetaka kumtaja, maana katika msafara mzima hapana aliyetarajiwa kujifunza kidogo kuliko yeye, na kwa rai yangu hapana aliyejifunza zaidi yake.

Rifaa Rafii al-Tahtawi alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, Misri ya Juu, katika ukoo wa masharifu uliokuwa na neema kisha ukafukarika, Pasha alipoufuta utaratibu wa zamani wa ardhi na kodi uliokuwa ukiwalisha watu kama wao. Mwaka 1817 aliingia Azhar, na huko akabahatika kumpata mwalimu asiyekuwa wa kawaida, Sheikh Hasan al-Attar, ambaye Wafaransa wa Bonaparte walipoingia Kairo mwaka 1798 aliwakimbia kama walivyowakimbia wenzake, lakini baadaye akarudi, akakaa na wanazuoni wao, akawafundisha Kiarabu na akaviona vyombo na vitabu vyao kwa macho yake. Mwalimu huyu ndiye aliyempendekeza Rifaa kwa Pasha, na wakati wa kuagana akamuusia jambo moja: aandike kila atakaloliona, dogo na kubwa, ili watakaokuja nyuma wapate faida. Wasia huo umezaa kitabu kizima.

Walitweka kutoka Iskandaria tarehe 13 Aprili 1826, nayo ilikuwa siku ya tano ya Ramadhani, katika marikebu ya Kifaransa. Wengi wao bahari walikuwa hawajapata kuijua ila kwa kuisikia, kwa hiyo mawimbi yaliwatesa. Wakapita Sisilia, wakatia nanga Messina pasipo ruhusa ya kuteremka, wakautazama mlima wa moto wa Etna kwa mbali, na kwa hesabu ya tarehe Idi iliwakuta humo humo majini, baina ya mabaharia wasioijua. Katikati ya Mei wakaiona Marseille.

Hawakuingia mjini. Desturi ya bandari zile, kwa hofu ya tauni, ilikuwa kwamba kila atokaye nchi za mashariki atiwe kwanza katika karantini, nao wakakaa humo siku 18, katika mahali palipokuwa na majumba na bustani na nafasi tele, lakini pasipotoka mtu. Kijana mwingine angezipoteza siku hizo kwa kunung'unika. Sheikh Rifaa alizitumia kufikiri kama afikirivyo mwanafunzi wa fikihi, na katika kitabu chake akaleta hapo ikhtilafu ya maulamaa wawili wa Tunis, mmoja wa madhehebu ya Maliki aliyesema kwamba karantini ni haramu kwa kuwa ni kuikimbia kudura ya Mungu, na wa pili, mufti wa Kihanafi, aliyesema kwamba inajuzu, bali ni wajibu, akatoa hoja zake katika Kitabu na Sunna. Napenda sana ukurasa huu. Mtu amefungiwa katika nchi ya kigeni, hajui neno la lugha yao, hajaona mtaa hata mmoja, na fikira yake ya kwanza si kulaumu wala kustaajabu, ni kuuliza: jambo hili, kwa mizani ya elimu niliyokuja nayo, lina hukumu gani?

Na humo humo karantini ndimo alimokutana na Ufaransa kwa mara ya kwanza, nayo ilimjia katika sura ya viti. Waliletewa watumishi wasioelewana nao hata kwa neno moja, na viti vingi mno vya kukalia, maana watu wa nchi ile, asema, huona ajabu mtu kuketi juu ya zulia, sembuse kuketi chini. Kisha zikaandikwa meza, zikapangwa sahani nyeupe, na mbele ya kila mtu bilauri yake, kisu chake, uma wake na kijiko chake. Hapana aliyetia mkono chakulani, hapana aliyekula kwa uma wa mwenziwe wala kunywa katika bilauri ya mwenziwe. Usiku wakaonyeshwa vitanda vilivyoinuliwa juu ya sakafu. Msomaji wa pwani aliyelelewa kuzunguka sinia moja na nduguze, baada ya maji ya kunawa kupitishwa, atajua bila ya kuambiwa jinsi kijana wa Tahta alivyohisi kupewa uma wake peke yake. Lakini Rifaa hakucheka wala hakuchukia. Aliandika, kitu baada ya kitu, kwa utulivu wa mtu anayeandika mali ya wakfu, akaongeza kwamba wenyewe huuona ulaji huo kuwa safi zaidi na salama zaidi kwa afya.

Siku walipofunguliwa wakatembea mjini, wakapita penye mkahawa uliojengwa kwa fahari, wakaingia. Sheikh akadhani ameingia katika mtaa mkubwa wenye watu wengi, kwa kuwa kila alipotazama aliona makundi yakienda na kurudi, yakiketi na kuinuka. Hata alipojiona yeye mwenyewe akitembea upande wa pili, tena na tena, ndipo alipotambua kwamba kuta zimejaa vioo. Wengi walioandika habari zake wamekitaja kisa hiki, nao hukileta kwa kicheko, kama kwamba ni kisa cha mshamba. Walakini yafaa kukumbuka ni nani aliyetusimulia. Hapana shahidi mwingine. Angenyamaza tusingejua, naye alikuwa mtu wa kilemba na heshima, anayeandika kitabu kitakachosomwa na Pasha na masheikh wa Azhar. Zaidi ya hayo, baada ya vioo alitazama biashara yenyewe: kwamba mwenye kusimamia mkahawa ni mwanamke, ameketi mahali palipoinuka na mbele yake wino, kalamu na orodha, kwamba kahawa yao hutiwa katika kikombe kipatacho finjani nne za Misri, na kwamba magazeti ya kila siku huwekwa pale ili mteja asome. Jambo hilo la magazeti lilimkaa moyoni, kama tutakavyoona.

Huko Marseille ndiko walikoanza kujifunza herufi za Kifaransa, ikawachukua kadiri ya siku 30, kisha wakapanda magari ya farasi kwenda Paris. Huko walisimamiwa na Edme-François Jomard, mmoja wa wanazuoni waliofuatana na Bonaparte Misri, wakawekwa pamoja katika nyumba moja. Matokeo yakawa yale ambayo mzazi yeyote aliyempeleka mtoto ugenini pamoja na jamaa zake angeweza kuyabashiri: walizungumza wao kwa wao kwa lugha za kwao, na Kifaransa chao hakikwenda mbele. Baada ya muda wakatawanywa, huyu katika nyumba ya mwalimu huyu, yule katika skuli ile, na hapo ndipo masomo yalipoanza kweli.

Wakati huo huo, nalitaja hili kwa kupita tu, Pasha alimpelekea mfalme wa Ufaransa, Charles wa Kumi, zawadi ya twiga kutoka Sudani, ambaye alishuka Marseille mwaka ule ule wa 1826, akakaa huko msimu wote wa baridi, kisha akatembezwa kwa miguu mpaka Paris, akawasili mwishoni mwa Juni 1827. Watu walimiminika kumtazama kwa maelfu. Misri ilikuwa na wageni wa namna mbili Paris, na twiga ndiye aliyepata umaarufu wa haraka.

Rifaa, aliyekuja kusalisha, sasa alikuwa amepangiwa elimu ya kutarjumi, akaingia ndani yake kwa pupa. Alisoma usiku mpaka jicho lake la kushoto likadhoofika, tabibu akamkataza kusoma usiku, naye, kwa kuogopa kuchelewa, hakusikia katazo. Alinunua vitabu kwa fedha zake mwenyewe juu ya vile alivyopewa, akamlipa mwalimu wa ziada kutoka katika posho yake. Alimsoma Racine, Voltaire na Rousseau, akamsoma Montesquieu na kumwita Ibn Khaldun wa Wafaransa. Alizuru kwa Silvestre de Sacy, bingwa mkubwa wa Kiarabu katika Ulaya yote, akastaajabu kuona mtu anayeandika sherehe ya Makamat za Hariri kwa ufasaha, lakini asiyeweza kukisema Kiarabu ila kwa taabu; akaamua kwa insafu kwamba ulimi na elimu ni vitu viwili. Hapa ndipo ninapoona siri ya kufaulu kwake. Elimu ya Ufaransa haikumkuta mtupu: alikuwa tayari na nahau, mantiki, hadithi na tarehe, na kila kipya kilichokuja kilipata jirani wa kuzungumza naye. Hata hivyo Pasha hakuwa na subira na falsafa. Alitaka taarifa kila mwezi, na iliwahi kufika barua yake ya kuwakaripia wanafunzi kwa uvivu.

Mnamo Julai 1830 aliyaona mapinduzi ya siku tatu yaliyomwondoa Charles katika kiti chake, akayasimulia kwa urefu pamoja na tarjuma yake ya Katiba ya Wafaransa, jambo ambalo kwa mtumishi wa mtawala asiyeshauriwa lilihitaji ujasiri. Mwaka huo huo akatahiniwa, akaleta mbele ya wakaguzi tarjuma 12, akafuzu. Mwaka 1831 akarejea Misri.

Wenzake hawakuwa bure, nisije nikawadhulumu. Mustafa Mukhtar alipewa diwani ya skuli, na Hasan al-Iskandarani akawa amiri wa manowari. Lakini jina linalotajwa pote ni la imamu. Rihla yake, kile kitabu alichousiwa na mwalimu wake, ilipigwa chapa Bulaq mwaka 1834, Pasha akaamrisha isomwe, ikafasiriwa Kituruki. Aliongoza Skuli ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1835, ambayo wanafunzi wake walitarjumi vitabu vya Ulaya kwa wingi, na mwaka 1842 akashika uhariri wa gazeti la serikali, yeye aliyeyaona magazeti kwanza juu ya meza za mkahawa. Abbas, mjukuu wa Pasha, alipotawala aliifunga skuli, akamtupa Khartoum mwaka 1850, naye huko akatarjumi kisa cha Télémaque cha Fénelon. Abbas alipokufa mwaka 1854 akarudi Kairo.

Nasi wa upande huu hatukukosa wasafiri wa kuandika. Safari ya Sayyid Barghash ya Ulaya ya mwaka 1875 iliandikwa kwa Kiarabu na kupigwa chapa, na Selim bin Abakari aliisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Atakayezisoma rihla hizi sambamba na ya Rifaa ataona tofauti ya mwenye kupita na mwenye kukaa.

Sheikh Rifaa alifariki Kairo mwezi wa Mei 1873. Skuli yake ya Lugha ni leo kitivo cha Chuo Kikuu cha Ain Shams, na Azhar aliyotoka, ambayo vijana wengi wa Unguja, Lamu na Mombasa wamekwenda kusoma baada yake, ina kitivo chake cha lugha na tarjuma, ambamo Kiswahili ni moja ya lugha zinazofundishwa.