Kati ya Blaine na Cleveland

Mwaka 1884 Wamarekani waliletewa wagombea urais wawili ambao hata wapambe wao waliwatetea kwa kumung'unya maneno. James G. Blaine wa Republican, mwanasiasa wa Maine aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi na baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa akiandamwa na barua alizomwandikia mfanyabiashara wa Boston, Warren Fisher, kuhusu hati za dhamana za reli ya Little Rock na Fort Smith. Aliyesoma barua hizo hakuchelewa kuona kwamba cheo cha bungeni na biashara ya pembeni vilipikwa chungu kimoja, na mojawapo Blaine aliimalizia kwa kumwomba mwenzake aichome moto. Grover Cleveland wa Democratic, gavana wa New York, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa mwizi. Lakini mwezi wa Julai gazeti moja la Buffalo likatoboa kwamba miaka kumi nyuma alizaa nje ya ndoa na mjane Maria Halpin, kwamba mtoto alipelekwa kituo cha yatima na mama akafungiwa kwa muda katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Cleveland hakukana habari ya mtoto. Aliwaagiza rafiki zake waseme kweli tupu. Zaidi ya hayo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimlipa mtu mwingine aende vitani badala yake, jambo ambalo sheria iliruhusu lakini wajane wa vita hawakulisahau.

Kila uchaguzi unapoleta wagombea wawili wasiopendeza, husikika malalamiko kwamba siasa za siku hizi zimeoza, kwamba zamani watu walichagua kati ya majabali. Malalamiko hayo 1884 inayajibu bila msaada wa mtu. Linalonishughulisha zaidi ni yule mpiga kura anayebaki katikati, hana chama, hampendi huyu wala yule, na siku zinakwisha. Mtu huyu huchambuliwa kama tabia: mvivu wa kufikiri, au mwenye maringo, au, kwa wanaompenda, mwenye dhamira kuliko wenzake. Naona ni kumsoma vibaya. Ni zao la mambo mawili yaliyoamuliwa na sheria za Marekani, karatasi ya kura na namna kura zinavyohesabiwa. La kwanza lilimpa uhuru ambao babu yake hakuwa nao. La pili likamnyang'anya sehemu kubwa ya uhuru huo.

Hadi miaka ya 1880 serikali za majimbo hazikuchapa karatasi za kura. Kila chama kilichapa yake, yenye majina ya wagombea wake peke yao kuanzia urais hadi vyeo vya mtaani, kikaipa rangi na ukubwa wake ili itambulike kwa mbali, kisha kikawakabidhi wapiga debe waliojipanga nje ya kituo. Mpiga kura alipokea karatasi mkononi mwa mmoja wao na kuipeleka sandukuni huku macho ya mtaa mzima yakimfuata. Sehemu nyingine sanduku lenyewe lilikuwa chupa kubwa ya kioo. Aliyetaka kumchagua rais wa chama hiki na gavana wa chama kile ilimbidi aje na kalamu akate jina, au abandike juu yake kipande cha karatasi chenye gundi kilichochapwa jina la mtu mwingine. Vyama havikulala. Mwaka 1871 huko Vallejo, California, ilitolewa karatasi nyembamba mno, herufi ndogo, mistari imebanana bila nafasi. Watu wakaiita tegu. Ukitaka kukata jina na kuandika jingine, hapakuwa na pa kuweka kalamu. Na jimbo la Kentucky, katika chaguzi zake lenyewe, liliendelea kupiga kura kwa mdomo hadi 1891: unaitwa, unataja jina kwa sauti, karani anaandika.

Wapo waliotetea utaratibu huo, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema raia anayejiheshimu hafichi chaguo lake, kwamba kura ni amana ya jamii na jamii ina haki ya kuona imetumikaje. Hoja hiyo ilisikika upya Kenya karne moja baadaye, chama tawala, KANU, kilipoleta mlolongo: mwaka 1988 wanachama walijipanga nyuma ya wagombea katika uteuzi, na aliyepata asilimia 70 ya mstari akahesabiwa ameshachukua kiti bila kura ya siri. Ilisemwa kuwa ni desturi ya Kiafrika ya kusimama hadharani. Waliosimama, chifu akiwatazama, walijua gharama ya kukosea mstari, na lawama kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu hazijaisha hadi leo. Ninachotaka kionekane hapa ni kitu kidogo tu. Katika mlolongo hakuna mstari wa anayefikiri. Anayesitasita anaonekana anasitasita, na kusitasita hadharani mbele ya mwenye nguvu kunasomwa kama uasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kibarua wa kiwanda wa Massachusetts aliyepokea karatasi ya rangi fulani mbele ya msimamizi wake. Hata kama moyoni alikuwa katikati, mkononi hakuwa na pa kuwa katikati.

Sasa turudi 1884. Blaine alipoteuliwa Chicago mwezi wa Juni, kundi la Warepublican wa Boston na New York lilikihama chama kwa kelele. Carl Schurz, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa jenerali na seneta, alikuwamo. Vivyo hivyo George William Curtis, mhariri wa Harper's Weekly, na E. L. Godkin wa The Nation. Mark Twain aliwaunga mkono. Magazeti ya chama yakawabandika jina la dhihaka, Mugwump, na kuwacheka kama popo asiye ndege wala mnyama. Hesabu waliyoifanya ilitolewa muhtasari na mmoja wao kwa mantiki ya kuchekesha: Cleveland ni mwaminifu ofisini na ana doa nyumbani, Blaine ni mtu mwema nyumbani na ana doa ofisini, basi Cleveland apelekwe ofisini na Blaine arudishwe nyumbani. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mantiki hiyo ilimsahau kabisa Maria Halpin, ambaye masaibu yake kwao yalikuwa habari za faragha tu. Hilo ni doa lao wenyewe. Lakini walilolitenganisha, mwenendo wa mtu na uaminifu wa cheo, lilikuwa jambo la kweli, na walilitenganisha kwa gharama. Warepublican wenzao Theodore Roosevelt na Henry Cabot Lodge hawakumpenda Blaine hata kidogo na walijaribu kuzuia uteuzi wake, ila baada ya mkutano mkuu walibaki chamani na kumfanyia kampeni. Wote wawili walipanda vyeo. Wengi wa Mugwump hawakupanda popote.

Msomaji makini atauliza: kama hawa waliweza kukihama chama kwa karatasi zilezile za zamani, karatasi ina uzito gani katika habari hii? Jibu liko katika orodha ya majina yao. Ni wahariri, mawakili, maprofesa, watu wenye urithi. Bosi wa kata hakuwa na cha kuwanyima. Uhuru wao ulitokana na mifuko yao, na ndiyo maana walikuwa wachache. Ili mpanga matofali naye aweze kuwa Mugwump, hata kwa siku moja, ilihitajika karatasi moja iliyochapwa na serikali, yenye wagombea wote, inayotolewa ndani ya kituo na kuwekwa alama faraghani. Utaratibu huo ulianza katika makoloni ya Australia mwaka 1856, Uingereza ikauchukua 1872, na Massachusetts ikaupitisha 1888 kwa sheria iliyoandikwa na Richard Henry Dana wa Tatu. Haukupiganiwa na wasomi peke yao. Vyama vya wafanyakazi na wafuasi wa mwanamageuzi Henry George waliudai pia, kwa kuwa wao ndio waliosimamiwa na mabosi. Kufikia uchaguzi wa 1892 majimbo mengi yalikuwa yameuchukua, ingawa South Carolina ilingoja hadi 1950.

Lipo pingamizi zito zaidi, na sitalipita kando. Karatasi ile ya siri iliwafungia nje watu wengi. Mtu asiyejua kusoma aliweza zamani kuitambua karatasi ya chama chake kwa rangi. Sasa alikabidhiwa orodha ndefu ya majina na kuambiwa ajisaidie. Katika majimbo ya Kusini, Arkansas ikiwa mfano mmoja mwaka 1891, watunga sheria waliutumia utaratibu huo kuwapunguza wapiga kura weusi, ambao chini ya utumwa walikuwa wamekatazwa kusoma. Waliopiga kura nchini kote walikuwa zaidi ya robo tatu ya waliostahili mwaka 1884, na kufikia 1924 walikuwa chini ya nusu, japo sababu zake ni nyingi, mojawapo ikiwa wanawake waliopata haki hiyo miaka minne tu kabla na wengi wao hawakuwa wameanza kuitumia. Kwa hiyo mpiga kura asiye na chama alipata chumba chake cha siri kwa gharama iliyolipwa kwa sehemu kubwa na wengine. Hilo haliifuti hoja yangu, bali linaipa sura yake ya kweli: uhuru wa kusita ulikuja kama kitu cha sheria, na sheria ilichagua nani ausikie.

Hesabu ya kura ni jambo la zamani kuliko karatasi. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, na tangu miaka ya 1830 karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Mwaka 1884 kila kitu kilikuja kusimama juu ya New York na wajumbe wake 36. Tarehe 29 Oktoba, katika hoteli ya Fifth Avenue, mchungaji Samuel Burchard alisimama mbele ya Blaine na kukiita chama cha Democratic chama cha pombe, cha Kanisa la Roma na cha uasi. Blaine hakumkosoa papo hapo, na habari ikawafikia Wakatoliki wa asili ya Ireland aliowabembeleza kampeni nzima. Jioni ileile alikula na matajiri, Jay Gould akiwamo, katika mkahawa wa Delmonico's, na kesho yake gazeti la World likaichora karamu hiyo ukurasa wa mbele. Cleveland aliichukua New York kwa kura zipatazo 1,100 kati ya zaidi ya milioni 1.1. Wanahistoria hupenda kugombania nani alizileta: Mugwump, Burchard, au mvua ya siku ya uchaguzi. Mimi natazama namba nyingine. John St. John, mgombea wa chama cha kupiga marufuku pombe na aliyewahi kuwa gavana wa Kansas kwa tiketi ya Republican, alipata New York peke yake kura kama 25,000, na Benjamin Butler, mgombea mwingine wa chama kidogo, kama 17,000. Wale waliosema hawamtaki Blaine wala Cleveland walikuwa zaidi ya mara thelathini ya tofauti iliyoamua urais. Walidhani wamejitoa mchezoni. Kumbe walikuwa ndani yake kuliko mtu yeyote. Ilijirudia Michigan mwaka 2016, ambako Donald Trump alimzidi Hillary Clinton kwa kura zisizofika 11,000 na Jill Stein, mgombea wa chama kidogo, alipata zaidi ya 51,000.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliochapisha The American Voter mwaka 1960 wangenipinga kwa namna nyingine. Walionyesha kwamba wasio na chama, kwa wastani, hufuatilia siasa kidogo na kujua kidogo kuliko wafuasi wa vyama. Yaani Schurz si mfano wao. Nakubali wastani huo. Wengi wanaojiita huru leo, ambao katika kura za maoni hupita asilimia 40, ukiwabana huegemea chama kimoja na kukipigia karibu kila mara. Lakini tazama wale waliobaki, wasiowapenda wote wawili. Mwaka 2016 walikuwa karibu mmoja kati ya watano waliohojiwa wakitoka vituoni. Karibu nusu yao walimpa Trump, chini ya theluthi wakampa Clinton. Mtu anaweza kujua kidogo au kujua sana, akifika chumba cha kura hesabu ya jimbo lake inamwekea milango ileile miwili. Mithali yetu kwamba mchagua jembe si mkulima humtukana bure: majembe yaliyoletwa ni mawili, na duka halikuwa lake.

Jimbo moja limejaribu kumpa mlango wa tatu. Tangu 1976, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, wapiga kura wa Nevada hukuta chini ya majina ya wagombea wa urais na wa vyeo vya jimbo zima nafasi ya kusema hawamtaki hata mmoja wao. Mwaka 2016 nafasi hiyo ilipata zaidi ya kura 28,000, wakati Clinton alimshinda Trump Nevada kwa kura kama 27,000. Kura hizo huhesabiwa na kutangazwa, ila haziwezi kushinda. Sheria humpa ushindi mgombea mwenye jina aliyepata nyingi zaidi. Mwaka 2014, katika mchujo wa Democratic wa kumtafuta mgombea wa ugavana, nafasi ya "hakuna hata mmoja" iliongoza kwa asilimia 30 hivi. Tiketi akapewa Bob Goodman aliyefuata kwa asilimia 25, na Novemba gavana aliyekuwa madarakani, Brian Sandoval, akamgaragaza kwa asilimia 70.