Siti binti Saad na Wenzake: Nani Mtunzi?

Tumezoea kusema "nyimbo za Siti binti Saad", nami sina nia ya kumpunguzia mwanamke huyo hata chembe ya sifa yake. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na kufikia miaka ya 1920 sauti yake ilitafutwa na matajiri wa Mji Mkongwe na mafukara wa Ng'ambo vilevile. Ninaowatetea hapa ni wenzake: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruku, aliyekuwa kipofu.

Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na hata Nadi Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilianza kwa lugha hiyo. Kundi la Siti nalo lilikiimba Kiarabu mbele ya wenye kukipenda. Lakini lililolipa jina ni Kiswahili, tena Kiswahili cha uani na sokoni.

Nyimbo zenyewe zilizaliwa nyumbani kwa Siti, Ng'ambo. Jioni wanakundi walikutana kwa mazoezi, majirani wakaja na habari za mji, na habari zikageuzwa beti. Siti hakujua kusoma wala kuandika; kumbukumbu ndiyo iliyokuwa daftari. Kutunga, tukumbuke, ni pia kutia shanga uzini, na uzi huu ulishikwa na mikono mingi.

Chukua wimbo wa "Kijiti". Mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja aliuawa. Mwuaji akatorokea bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake wawili waliotoa ushahidi. Hayo si malalamiko ya mshairi mmoja aliyejifungia chumbani. Ni minong'ono ya mtaa mzima iliyopewa vina, ikamfikia hakimu kwa njia ambayo hakuweza kuifunga.

Mwezi Machi 1928 kundi lilisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zikauzwa pwani nzima, na kampuni nyingine zikafuata. Hapo, kwa maoni yangu, utunzi ulipata faida na hasara kwa pamoja. Upande mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika tatu tu, ilhali barazani wimbo ulirefuka kadiri wasikilizaji walivyotaka. Beti zilizobaki nje ya sahani zilitegemea vifua vya watu, na watu hao wamekwisha kufa. Aidha, sahani ilihitaji jina la mwimbaji. Aliyetoa kisa au kuokoa kina hakuwa na nafasi juu yake.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wasifu, kwa desturi yake, hubeba jina moja. Mimi ninaponakili beti hizo daftarini, chini yake huandika: Siti na wenzake, Ng'ambo.