Mitaa ya Dar es Salaam: Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kulifahamu Jiji

Mgeni anayefika Dar es Salaam kwa siku chache mara nyingi huondoka akiwa ameona maduka ya Kariakoo, ofisi aliyoifuata na pengine ufukwe mmoja. Kwa mkoa wenye wakazi 5,383,728, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, hiyo ni sehemu ndogo mno. Mkoa una wilaya tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, lakini mipaka ya wilaya haimwelezi mgeni mengi. Anayetaka kulielewa Jiji hana budi kuifuata mitaa yenyewe na sababu zilizoifanya itofautiane.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji huu katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Chini yao, na baadaye chini ya Waingereza, mji uligawanywa katika kanda tatu za ujenzi. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, lakini matokeo yake yalikuwa kuwatenga watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma yao. Ubaguzi huo ulikoma kisheria zamani, ila ramani yake bado inaonekana kwa yeyote anayetembea kwa miguu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kivukoni, kinapoishia kituo cha mabasi ya mwendokasi. Ndani ya mwendo mfupi mgeni hukuta Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Boma la Kale, jengo lililobaki tangu enzi ya Sultani Majid, ambalo sasa ni kituo cha urithi wa usanifu majengo. Makumbusho ya Taifa yapo jirani na Bustani ya Mimea. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ipo katika Barabara ya Samora. Tahadhari moja ni muhimu katika eneo hili: Ikulu, bandari na maeneo ya vyombo vya ulinzi hayapigwi picha, na mgeni asisubiri kukumbushwa.

Kutoka Posta kuelekea Kisutu, majengo hubadilika. Hapa ndipo ilipokuwa Uhindini, yenye maduka chini na makazi juu, roshani zinazotazama barabara, mahekalu na misikiti ya jumuiya mbalimbali. Harufu ya viungo na sambusa humfikia mpita njia kabla hajaona mkahawa wenyewe.

Halafu hufuata uwanja wa Mnazi Mmoja. Leo ni mahali pa kupumzikia na pa shughuli za kitaifa, wenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Wapangaji wa kikoloni waliuacha wazi kwa makusudi, ili utenganishe Uhindini na makazi ya Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Mgeni anayeukatiza kwa dakika chache huwa amevuka mpaka uliowahi kuamua nani alale wapi.

Ng'ambo yake ni Kariakoo. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wengi huja kununua nguo, simu na vipuri, na wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro hujaza mizigo yao hapa. Soko kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, na paa zake zenye umbo la mwavuli uliogeuzwa zilikusudiwa kukinga maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jingine pembeni yake.

Hata hivyo, Kariakoo si soko tu. Katika barabara ambayo sasa inaitwa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mikutano mingi ya harakati za kudai uhuru ilifanyika katika nyumba za kawaida za mitaa hii: nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Barazani ndipo taarifa zilipopitishwa na wageni walipopokelewa.

Nyumba hizo zinatoweka, na hili mgeni ataliona bila kuonyeshwa. Thamani ya kiwanja Kariakoo ni kubwa kuliko ya nyumba iliyopo juu yake, hivyo familia huuza au huingia ubia na ghorofa huinuka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyotangazwa kuwa urithi, lakini majengo hayo kwa sehemu kubwa ni ya mawe, ya mjini kati. Nyumba ya udongo na miti iliyomkaribisha mpigania uhuru haina ulinzi wa namna hiyo. Anayetaka kuziona zilizosalia asikawie, na apite asubuhi kabla barabara hazijajaa.

Mwendokasi iliyoanza Mei 2016 humtoa mgeni hapa hadi Kimara. Tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda. Kati ya Fire na Magomeni basi hupita Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, barabara hii inaweza kufungwa kwa saa kadhaa. Ratiba ya safari ya ndege isitegemee njia hii siku ya mvua kubwa.

Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo, na udogo wake ni sehemu ya maelezo. Si mbali, katika Magomeni Kota, yapo maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wa zamani wa eneo hilo. Manzese, mbele kidogo, hujulikana kwa mitumba na kwa vichochoro ambamo mgeni hupotea upesi. Anayetaka kuingia ndani ya mitaa kama hiyo, hasa akiwa na kamera, aanzie ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti au mjumbe atampa mtu wa kumwongoza, na wakazi watampokea kwa namna nyingine kabisa.

Sinza na Kijitonyama ni matunda ya mpango wa viwanja vilivyopimwa wa miaka ya 1970. Oysterbay, iliyokuwa ya Wazungu, ina wachoraji wa Tingatinga, na Mwenge ina wachonga vinyago. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, huonyesha nyumba za makabila mbalimbali.

Kwenda Kigamboni zipo njia mbili. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 na huwafaa wenye magari. Mgeni wa miguu apande kivuko cha Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri, na asimame upande unaotazama mji. Mapema asubuhi wavuvi huwa bado wananadi samaki, na vivuko vinavyokuja mjini huwa vimejaa wanaokwenda kazini.